Filimbi Isiyovuta Pumzi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo ya kikosi, na vijana wakanifanyia chai. Kulikuwa na maandazi, hotuba mbili, na redio mpya ambayo mke wangu ameshaihamishia jikoni. Baada ya hotuba kijana mmoja akaniuliza, "Babu, hivi zamani mlikuwa mnaingiaje kwenye moshi?" Nikamjibu kwamba tuliingia kwa woga na kutoka kwa haraka. Walicheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani Kanyenye jibu lile halikunipa raha. Ndiyo maana nimenunua daftari. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, na mshahara wangu hauna hadithi. Hapa nitaandika habari za mitungi miwili ya hewa na mtu mmoja niliyefanya naye kazi.

Nilianza zimamoto hapa Tabora miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa kijana mwembamba kutoka upande wa Isikizya, na koti la kazi nililopewa lilinitosha mara mbili. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kapalata, mwenyeji wa Ng'ambo, mtoto wa fundi mabati, mwenye ndevu zilizofika kifungo cha pili cha shati. Siku ya kwanza nilisimama mbele yake wima kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuzima moto?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi anza na mpira huu wa maji. Uoshe, kisha uuanike kivulini. Ukiuanika juani, nitakuanika na wewe."

Nikaosha mipira mwezi mzima. Moto wenyewe niliuona wiki ya sita, kibanda cha muuza mkaa, na kilikuwa kimeshaungua chote tulipofika. Wakati ule mtu akiingia kwenye moshi alijifunga kitambaa chenye maji puani, akatambaa pua ikigusa sakafu. Kitambaa chenye maji huzuia masizi na kumpa mtu moyo. Moshi wenyewe hakizuii, na wazee wetu kadhaa walikohoa hadi wanaingia kaburini kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kisha siku moja treni ikatuletea masanduku mawili ya mbao. Tuliyafungua uani, wote tumeinama. Ndani, katikati ya majani makavu, mlikuwa na mitungi ya chuma yenye mikanda ya kuvaa mgongoni, mipira, na vitu vya mpira mweusi vyenye kioo mbele. Fundi wetu wa gari akavitazama sana, akatoa uamuzi kwamba hizo ni pampu za dawa ya pamba, zimepotea njia ya kwenda Nzega. Mzee Kapalata akampita, akauinua mtungi mmoja. Alikuwa amerudi karibuni kutoka Dar es Salaam kwenye mafunzo, na alikuwa akizisubiri seti zile siku zote bila kumwambia mtu, asije akaonekana mjinga zisipofika.

"Humu mna hewa," akasema, akiugonga mtungi kwa kucha. "Hewa tu, hii hii unayoivuta sasa, imeshindiliwa. Si oksijeni. Mtu akiwaambieni mjaze oksijeni, mfukuzeni, maana hiyo inaupa moto nguvu."

Habari zilizagaa mjini kwamba zimamoto wana pumzi kwenye chupa. Mama mmoja akamleta mumewe mwenye pumu, akaomba apewe kidogo tu. Mzee Kapalata aliwakalisha, akawapa chai, akawaeleza taratibu kwamba hewa yetu si dawa. Mume akaondoka ameridhika kuliko mkewe.

Kile kitu cha mpira kinachovaliwa usoni, ambacho ninyi mnakiita barakoa, sisi tulikiita uso. "Vaa uso," "osha uso wako," "uso huu umepasuka." Mzee alitufundisha uso kabla ya mtungi. Kidevu kwanza, kisha mikanda ya chini, kisha ya juu, na usikaze mpaka macho yatoke. Bana mpira wa hewa kwa mkono, vuta pumzi. Uso ukikunyonya mashavu na kubaki hivyo hivyo, umekaa. Ukilegea, moshi nao utapata nafasi hiyo hiyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani na seti, kwa sababu uso haushiki juu ya ndevu, na ndevu zake hazikuwa na mjadala. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa mlangoni: kushika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye ndani, kupokea kibati chenye jina lake, kuandika saa aliyoingia na geji yake, kile kipimo cha hewa, imesoma ngapi, kisha kupiga hesabu ya lini atoke. Seti zilikuwa mbili tu. Mmoja aliingia, wa pili alisimama mlangoni na mtungi mgongoni, tayari kumfuata. Najua leo mnaingia wawili wawili, na ndivyo inavyotakiwa. Sisi tuligawana tulichokuwa nacho.

Begani, karibu na geji, palikuwa na filimbi ndogo ya shaba. Hewa ikibaki kama robo, filimbi huanza kulia yenyewe, na hailii ili ujiandae. Ikilia, unatoka. Hewa ya kabla ya filimbi ni ya kazi, na hewa ya filimbi ni ya kurudi nyumbani. Sentensi hiyo Mzee aliisema kila asubuhi, hata Ijumaa, hata siku aliyokuwa na homa.

Sasa nimlete Pazi. Pazi alihamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam mwaka ule ule wa masanduku, Mzaramo wa kuzaliwa na kukua, mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika. Mimi Mnyamwezi. Vijana wa leo utani mnausikia kwenye harusi na misiba tu, kwa hiyo niseme wazi: babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani, wakapokewa na kusumbuliwa na babu zao, na kutoka hapo tukawa watani. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuchukua chakula chako. Ukifa, anakuja kuigiza unavyotembea huku ndugu zako wanalia, nao wanacheka.

Siku aliyofika aliuliza mitungi inajazwa wapi. Nikamwambia Tabora hakuna mashine ya kuijazia, kwa hiyo ikiisha hupelekwa Dar es Salaam kwa treni na kurudi ikiwa imejaa. Pazi akaketi chini kwa furaha.

"Kwa hiyo hewa hii ni ya kwetu!" akasema. "Babu zenu walitembea miezi mitatu kuifuata. Sasa wajukuu mmekuwa wavivu, mnaletewa. Mpagazi wewe, kila ukivuta pumzi sema asante."

Kuanzia siku ile hakuna asubuhi niliyovaa uso bila kudaiwa asante. Nami nilimjibu ipasavyo, mla nazi yule, ila maneno yenyewe siyaandiki, mke wangu anasoma daftari hili. Nilimpenda Pazi kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu wa damu. Nyumbani kwetu, mama yangu alikuwa akimwekea chakula kwanza, kisha akakumbuka mtoto wake.

Kwa kuwa hewa ilikwenda na kurudi kwa treni, hatukuthubutu kuichezea. Mazoezi tulifanya mitungi ikiwa imefungwa. Tulivaa seti, tukaachanisha mpira wa hewa ili tuvute hewa ya kawaida, tukafunga vioo kwa kitambaa, na kutambaa katika kibanda nyuma ya kituo. Filimbi haikuweza kulia kwenye mtungi uliofungwa. Kwa hiyo tulikubaliana aliye ndani ajifunue uso na kupiga mluzi kwa mdomo, na wa mlangoni aingie. Mzee aliruhusu, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Hapo ndipo tulipokosea, sote watatu.

Pazi alikuwa na mluzi uliofanana na ile filimbi kiasi kwamba hata Mzee aligeuka. Alikuwa hajafika hata katikati ya kibanda, anapiga. Mimi naingia mbio kwa magoti, nagonga kichwa, namkuta ameketi amekunja miguu. "Mpagazi, umeniletea mzigo wangu?" Kikosi kizima kiliangua kicheko, na Mzee mwenyewe alikuwa akigeukia ukutani kuficha meno. Nikajifunza kutoingia haraka. Pazi akipiga mluzi, nasimama mlangoni namcheka kwanza, namwambia apige tena, kisha ndiyo naingia polepole. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki. Huwezi kufanya jambo mara nyingi namna hiyo mwili usilishike.

Moto wenyewe uliwaka alasiri moja katika ghala la nta upande wa Ng'ambo. Zilikuwa nta na asali kutoka vijiji vya ujamaa vya porini, madebe kwa madebe, zikisubiri treni. Mzee Kapalata alikuwa msibani Igunga. Nikawa mimi ninayeshika kamba na daftari mlangoni kwa mara ya kwanza, na mtungi wa pili mgongoni. Nta inapoungua hutoa moshi mzito wenye harufu nzuri, na hiyo harufu ndiyo inayowadanganya watu kwamba si hatari. Wenzetu wawili walikuwa nyuma ya ghala na mpira wa maji. Watu waliosimama barabarani wakapiga kelele kwamba mlinzi, mzee mmoja, huwa analala ndani mchana.

Pazi alivaa uso. Nikamkagua mikanda, nikaibana mipira, nikasoma geji: imejaa. Nikachukua kibati chake, nikaandika saa. Kwa hesabu yangu filimbi ingelia baada ya dakika ishirini hivi. Akanipiga kibao kidogo begani na kuingia, nami nikaiachia kamba taratibu.

Dakika ya kumi na mbili nikasikia filimbi.

Nilitazama saa, na saa ikaniambia bado. Nikatazama moshi. Halafu mwili wangu ukafanya ulichofundishwa. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mlangoni pale, na nikapiga kelele, "Mla nazi wewe! Hata kwenye moto? Piga tena, sijasikia vizuri!" Nikacheka tena. Watu barabarani walinishangaa.

Filimbi ikaendelea. Mimi bado natabasamu. Ikaendelea. Na ndipo kitu kikanikaa vibaya sikioni, kabla sijajua ni kitu gani. Mtu anayepiga mluzi lazima akate, avute pumzi, aendelee. Pazi alikuwa fundi wa mluzi, lakini naye alikuwa na mapafu mawili tu. Sauti ile ilikuwa haikati. Haikuwa inavuta pumzi.

Nilivaa uso haraka. Hata katika hali ile nilibana mpira na kuvuta, kwa sababu Mzee alikuwa ameniingiza jambo hilo mifupani, na namshukuru, maana mara ya kwanza haukuwa umekaa. Nikaingia nikiifuata kamba. Kamba ilielekea kushoto, mbali, na nta iliyoyeyuka ilikuwa imetandazika sakafuni, magoti yanateleza. Nikafika kwenye rundo la madebe yaliyoanguka na kamba ikaingia chini yake. Nikayasukuma madebe, nikaivuta, ikaja tupu. Haikuwa na mtu.

Filimbi ilikuwa inafifia. Ikiishiwa hewa hupungua sauti, kisha hukoma, na kukoma kwake hakuna anayeweza kukueleza. Nikaligeukia giza na kuanza kupapasa. Sikumpata kule ndani. Nilimpata wakati narudi, karibu hatua tano tu kutoka mlangoni, upande wa kulia, amelala kifudifudi. Mkono wangu uligusa buti lake. Nikamshika mikanda ya mgongoni nikamburuta hadi nje, nikamvua uso, na midomo yake ilikuwa ya rangi ambayo sitaki kuiona tena. Akakohoa. Nilipomsikia anakohoa nilikaa chini barabarani.

Mlinzi alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa kahawa, anatazama moto kama sisi wengine. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kujitaja.

Pazi alilazwa wiki tatu. Mzee Kapalata aliporudi alilifungua daftari la mlangoni, akasoma, akaniita.

"Umeandika filimbi dakika ya kumi na mbili. Umeandika umeingia dakika ya kumi na nne. Hapa katikati ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa navaa uso, na asingejua. Nikamwambia, "Nilikuwa nacheka, Mzee. Nilidhani ni utani."

Akawa anazipapasa ndevu zake. Nilitamani anipige.

"Saa ni makisio, mwanangu," akasema mwishowe. "Mtu anayepanda juu ya magunia na madebe kwa hofu anavuta hewa ya watu wawili. Wewe uliamini saa ukaikataa filimbi. Hilo ni kosa lako. Mluzi niliuruhusu mimi. Hilo ni langu."

Tangu siku ile mluzi wa mdomo ukapigwa marufuku kituoni, hata kwa mtu anayefagia. Tukaanza kufanya mazoezi na hewa ya kweli, mtungi mmoja kila mwezi, filimbi ilie kweli, masikio yaijue. Mara nyingine tulikaa siku kadhaa na mtungi mmoja tu, tukiomba mji usiungue. Mimi nikapewa stoo. Nikajifunza kuosha nyuso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kuzikausha kivulini, kutouacha mtungi ukaisha kabisa unyevu ukaingia na kula chuma kwa ndani. Ringi za mpira zilipokosekana, fundi wa gari alitaka kuzikata kwenye tyubu ya baiskeli. Nikamwambia tyubu ya baiskeli ikivuja mtu anatembea kwa miguu. Seti ile ilikaa rafuni miezi miwili ikisubiri ringi yake, na nililaumiwa sana.

Lakini Pazi alirudi kazini ananiita ndugu.

Mnajua wakati ule wote tulikuwa ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu dereva, barua zote zilianza hivyo, na lilikuwa neno zuri. Ila mtani wako akikuita ndugu, amefunga mlango. "Ndugu Kasele, habari za asubuhi." "Ndugu Kasele, naomba sabuni." Nilivaa uso kila siku na hakuna aliyenidai asante. Nilimtukana kidogo kumjaribu, akatabasamu kwa adabu na kwenda zake. Alipokuja nyumbani alimshukuru mama yangu kwa chakula. Mama akaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu, nami sikuweza kusema kwamba nilicheka wakati anakufa.

Miezi mitano ikapita hivyo. Siku moja niko stoo naosha nyuso, Pazi akaingia kuchukua seti yake. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilisema tu bila kumtazama, "Nitukane, Pazi. Nipige ukitaka. Najua ulinisikia."

Akakaa juu ya sanduku.

"Nilikusikia," akasema. "Madebe yaliniangukia, nikabiringika. Kamba ikabanwa. Nikaivuta, haiji. Nikaifungua. Najua haifunguliwi, usinifundishe. Basi nikawa sijui mlango uko wapi. Nazunguka tu, filimbi inanililia sikioni, natambaa kuelekea ndani, kumbe. Halafu nikasikia mtu anacheka nyuma yangu."

Niliacha kusugua.

"Kicheko chako kinasikika hadi Nzega, mtani. Nikageuka. Ukacheka tena, nikatambaa kukifuata. Ulipoacha kucheka ndipo nilipopotea, na hewa ikaisha." Akatazama mikono yake. "Ulinikuta hatua tano kutoka mlangoni. Hukujiuliza nilifikaje?"

Sikuwa nimejiuliza. Wote tuliita bahati. Ndiyo maana ninyi niliwafundisha, kila aliyewahi kupita mikononi mwangu, kwamba mtu wa mlangoni hanyamazi. Aite, ahesabu, aimbe kama ana sauti, ili aliye ndani ajue mlango ulipo. Mlidhani ni ukali wangu tu.

"Sasa mbona umeniita ndugu miezi yote hii?"

"Mluzi aliuanzisha nani? Niliona aibu. Niliogopa nikirudisha utani utaniuliza habari za siku ile."

"Na hilo la kicheko? Ungenambia hata hilo, Pazi. Mimi silali."

"Nikuambieje? Nimeokolewa na kicheko cha Mnyamwezi! Kwetu Pwani wakisikia, nitazikwa wapi?"

Nilikuwa nimesimama na brashi mkono mmoja na uso wenye povu mkono wa pili, na machozi yakaanza kunitoka, mtu mzima, nikashindwa hata kuyafuta. Pazi akanitazama kidogo, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hewa yao ya Dar es Salaam inanitosha.